Eda Mbili

Kibokoni, Mombasa
3 Februari 2025

Ndugu yangu Kenga,

Salamu nyingi zikufikie huko kwenye baridi, wewe na wote walio karibu nawe. Sisi huku twamshukuru Mungu, hali zetu ni za watu waliofiwa. Mama mkwe wangu, Bi Mwanarusi, yu mzima, ila miguu yavimba na hataki kuambiwa apumzike. Nabiha mwanangu amerudi kukaa nami tangu msiba. Mimba yake yaingia mwezi wa tano, na kutwa ataka maembe mabichi na pilipili.

Utashangaa kupata barua ya karatasi. Nimekaa eda, na simu nimemwachia Nabiha, kwa sababu kila anayepiga ataka kunisikia nikilia, nami nimechoka kulia kwa ajili ya watu. Kabla sijaitoa mkononi nilikupigia. Simu yako haikupatikana. Ya ofisini ilipokewa na Wendy, katibu wako, akaniambia kwa adabu kwamba Profesa yumo mkutanoni. Nikamwambia shemeji yake Profesa yumo jenezani. Akaangua kilio, maskini, ikawa mimi mfiwa ndiye wa kumbembeleza.

Faiz alifariki Jumatatu ya tarehe 20 Januari, alfajiri, kwa moyo ule ule uliokuwa ukimsumbua, akazikwa baada ya adhuhuri. Najua kutoka chuoni kwako hadi hapa ni safari ya kutwa na usiku, na sisi Waislamu maiti hatumweki. Wewe ulibaki katika dini ya baba yetu kule Rabai, mimi nikafuata ya mume wangu, na hilo halijatugombanisha hata siku moja. Kwa hiyo mazishi sikulaumu. Lakini khitma imepita, arobaini yaja, na bado sijakuona.

Sasa jambo lenyewe. Eda yangu itakwisha mwisho wa Mei. Katika nyumba hii ya kina Faiz, mjane hatoki edani peke yake. Wanawake humwosha, wakamvisha leso mpya, kisha mwanamume wa damu yake humshika mkono akamvusha kizingiti hadi barazani, mtaa uone kwamba naye ana kwao. Baba hayupo. Wajomba wamekwisha. Umebaki wewe. Mwanarusi ameniuliza ni nani atakayenivusha, nikamjibu ni Kenga. Nakuomba usinifanye mwongo mbele ya mama mkwe.

Na kwa kuwa wewe ndiwe bingwa wa mimea: ile asumini iliyo uani ndani ya pipa, ambayo kijiti chake ulimpa Faiz wewe mwenyewe, inapukutisha majani tangu alipokufa. Maua inatoa, lakini mimi siruhusiwi kuyavaa mpaka nimalize, basi yanaanguka na Nabiha anayafagia. Niambie nifanye nini.

Tena naambiwa kuna mtu amepanda mrehani kichwani pa kaburi la Faiz. Si sisi. Aliyeupanda, Mungu amlipe.

Dadako,
Mejumaa


Ofisi ya Mkuu wa Chuo
24 Februari 2025

Dada yangu mpendwa,

Barua yako ilichelewa kunifikia, nami nikachelewa zaidi kuijibu. Unisamehe yote mawili. Mimi ni mzima. Huku asubuhi ni baridi kama kawaida. Jael mke wangu bado yuko ng'ambo kwa binti yetu, na wote wawili wanakupa pole. Nisalimie Bi Mwanarusi, na umwambie Nabiha apunguze pilipili.

Nimeanza sentensi juu ya Faiz mara nyingi nikazifuta. Acha niseme hili moja. Nilipokuwa mwanafunzi, nikaamua kufanya utafiti wangu juu ya majani yanayoota kwenye jaa la Kibarani, mwalimu wangu alicheka, na wewe ukaniambia nioge kabla sijaingia kwako. Faiz ndiye aliyenipakia kwenye pikipiki yake kila Jumamosi. Akasimama nami katika moshi na uvundo ule, amenishikia gunia, akiniuliza jani hili laitwaje, na hili je, limewezaje kuota juu ya betri na mifupa ya samaki. Hakuuliza ili anifurahishe, alitaka kujua. Mimi nilianzia pale, dada. Mengine yalikuja baadaye: shahada za ng'ambo, ukuu wa idara, hatimaye kiti hiki. Hakuna hata kimoja kilichonipa raha niliyoipata nyuma ya pikipiki ile na gunia langu la magugu.

Kuhusu kuja, nilikuwa nikidhani mwanamke aliye edani haruhusiwi kuonana na mwanamume yeyote, ndiyo sababu sikujitokeza. Sikutaka kukuharibia ibada yako. Na Mei ni mwezi mgumu hapa: mitihani, kikao cha halmashauri, wageni wa kutoka wizarani. Nitaona.

Asumini yako mizizi imejaa pipa. Ihamishieni kwenye chombo kikubwa zaidi, mkate matawi makavu, na mpunguze maji kidogo. Isiwekwe juani siku ya kwanza.

Nduguyo,
Kenga


Kibokoni
10 Machi 2025

Ndugu yangu Kenga,

Salamu za Ramadhani zikufikie, ingawa wewe hufungi. Hapa saumu imetukuta na joto la kaskazi. Miguu ya Mwanarusi haijambo kidogo, kwa sababu sasa anakaa chini kusubiri magharibi. Nabiha naye daktari amemkataza kufunga, basi anakula jikoni kwa siri kama mwizi, na harufu twaisikia sote.

Barua yako niliisoma nikacheka, na tangu Faiz afe sikuwa nimecheka. Profesa mzima, umesoma mpaka vitabu vikakukimbia, na hujui kuwa ndugu wa tumbo moja si mwanamume wa kujifichia? Anayekatazwa ni yule awezaye kunioa. Wewe waweza kunioa? Tangu siku ya kwanza ya eda ungeingia chumbani mwangu ukakaa kitandani ukanishika kichwa. Hakuna mwanamume mwingine hai mwenye haki hiyo kwangu. Nilipomwambia Mwanarusi ulichodhani, alisema, "Hajui, au hataki kujua?"

Halafu hiyo "nitaona" yako naijua ilikotoka. Ni ya baba. Tukitaka viatu alisema ataona, na tulikwenda shule pekupeku.

Baada ya tarawehe wazee hukaa barazani kwetu kama walivyokaa Faiz alipokuwa hai. Sauti zao zanifikia dirishani. Jana mmoja aliuliza, "Na yule shemeji yake Faiz, mkuu wa chuo, yuaja lini?" Unajua Faiz alivyokuwa. Mtu akimwita kutengeneza stima, Faiz kabla hajafungua mkoba wa koleo, atakuwa ameshamweleza kwamba mkewe ana ndugu anayeongoza chuo kikuu, aliyeanzia jaani Kibarani. Mtaa mzima wakujua kwa mdomo wake.

Pikipiki yake mpya, ile aliyoinunua baada ya ile kuukuu kumchoka, imeegeshwa ukumbini na kofia yake ngumu imetundikwa juu. Nabiha asema tuiuze. Mimi kila nikipita naigusa kiti, halafu naona haya.

Ya asumini, Mwanarusi asema pipa hilo lataka mikono ya mwanamume, basi mwenye ushauri aje nao.

Niandikie kitu kimoja. Dirisha la ofisi yako laonyesha nini? Faiz alikuwa akitaka sana kujua, na kila alipokuuliza ulimwambia una haraka.

Dadako,
Mejumaa


Ofisi ya Mkuu wa Chuo
2 Aprili 2025

Dada Mejumaa,

Idi njema, japo imepita. Naamini mlikula vizuri na kwamba mtoto wa Nabiha anapiga mateke kama mama yake. Mimi ni mzima. Jael amepiga simu, anawasalimu wote.

Umeuliza habari za dirisha. Nimekaa hapo sasa hivi nikikuandikia, na jasho linadondoka karatasini. Ninaona mwarobaini mkubwa ambao mtu aliukata vibaya zamani, ukaota matawi mengi upande mmoja tu. Kunguru wanaugombania tangu alfajiri. Nyuma yake kuna ukuta mrefu mweupe, na chini ya ukuta mchanga mwepesi, mgumu kuotesha kitu, lakini kwa mbolea na subira unakubali. Nimeweka vipandikizi kadhaa kwenye mikebe. Vingine vimeshika.

Faiz ningemwambia nini? Kwamba tangu niingie katika ukuu nilikuwa sitazami nje? Watu hudhani mkuu wa chuo ni msomi kuliko wasomi wenzake. Dada, mkuu wa chuo ni mtu wa kutia saini. Asubuhi natia saini barua za kuwaomba walimu wawe na subira, jioni natia saini za kuwaomba wanafunzi wawe na subira. Nilipokuwa mwalimu nilikuwa na nyumba ya vioo yenye mimea niliyoikusanya kila pembe ya pwani, hata magugu ya Kibarani yalikuwamo. Nilipopandishwa cheo nilikabidhi funguo, nikasema nitakuwa napita Ijumaa. Ijumaa ya kwanza nilikuwa na wageni. Siku nilipokuja kupita, vyungu vilikuwa vimepangwa nje ya mlango, vitupu, vimeoshwa vizuri.

Sikulia siku ile. Nilikwenda kwenye mkutano.

Mwisho wa Mei sitaweza kuja. Nimejaribu kupanga ikashindikana. Mwombe mmoja wa binamu za Faiz akuvushe, Mungu hatajali ni mkono wa nani.

Nduguyo,
Kenga


Kibokoni
19 Aprili 2025

Kenga,

Salamu. Mwanarusi yu mzima, Nabiha yu mzima, mvua za masika zimeanza na dari la chumba cha nyuma lavuja pale pale lilipovuja mwaka jana. Hizo ndizo habari za nyumbani. Sasa sikiliza.

Mtu anayechunga makaburi alikuja kwa Mwanarusi kabla ya Ramadhani. Akamwambia ule mrehani wa Faiz haukuota wenyewe. Kuna mzee huja na maji kwenye galoni, Ijumaa, wakati watu wako msikitini, na kaskazi yote hii umebaki kijani kwa ajili yake. Si mtu wa mtaa. Ana miwani iliyofungwa kamba shingoni. Na siku alipoupanda, kabla ya kuufukia, alichuma jani moja akalifikicha akalinusa, kisha akalitia mfukoni.

Mtu anayenusa jani kabla ya kulipanda mimi namjua mmoja tu. Alikuwa akinusa hata mboga nilizompikia.

Huko chuoni kwako hapana mchanga mwepesi, Kenga. Nilikuja kukutembelea ulipokuwa mkuu wa idara, viatu vyangu vilirudi na udongo mwekundu ambao sabuni iliushindwa. Wala mtu hatokwi jasho karatasini kwenye baridi ya huko. Umenidanganya habari za mikutano na za mitihani, na ungeendelea kunidanganya. Juu ya miti hukuweza.

Uko Mombasa. Uko Kizingo, kwenye nyumba ya yule rafiki yako Morris wa bandarini, ambaye yuko safarini zaidi ya anavyokaa kwake. Mimi barua zangu nazituma bara kwa basi, Wendy anazipokea, anakurudishia kwa basi. Karatasi yangu yapanda na kushuka nchi nzima ili ifike mahali ambapo mtu atokaye hapa kwa miguu hafiki na kiu. Wendy simlaumu. Amefanya alichoombwa.

Sikuulizi kwa nini umejificha. Wala sikuulizi siku ya mazishi ulikuwa wapi. Nataka kitu kile kile nilichokitaka tangu barua ya kwanza: uje univushe. Binamu za Faiz ni watu wema, lakini si damu yangu. Nikivushwa na wao, mtaa utajua kwamba Mejumaa wa Rabai hana mtu.

Dadako


8 Mei 2025

Dada,

Salamu, na pole kwa dari.

Yote uliyoyaandika ni kweli. Mwezi wa Novemba walimu waligoma, wanafunzi wakafunga lango kwa minyororo, na halmashauri ikataka kuonyesha kwamba imefanya jambo. Nikapewa likizo ya lazima. Gazeti liliandika mistari miwili katika kurasa za ndani. Niliondoka kwa lango la nyuma nimelala kwenye kiti cha nyuma cha gari la Wendy, mimi mwenye umri huu. Kabla ya hapo nilikwenda idarani kwangu, idara niliyoijenga mimi, nikaomba meza tu nirudie kufundisha mimea. Kijana niliyemfundisha mwenyewe akaniambia kwa heshima kubwa kwamba nafasi hakuna. Hakuwa na ubaya. Nafasi kweli haikuwepo.

Jael anajua. Alisema niende ng'ambo. Nikaja hapa, sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kuwa karibu nanyi bila kuonekana.

Nilikusudia kumwambia Faiz. Nilijipa mpaka mwaka mpya. Kuna chuo kingine kilikuwa kimenipa matumaini, nikasema nikipata kazi nitakwenda kwake nikiwa nimesimama. Nafasi ile haikutokea, nami nikaongeza siku, halafu Wendy akapiga simu. Mazishini nilikuwepo. Nilisimama nje ya ukuta wa makaburi pamoja na madereva. Ningeingia, watu wangeuliza nimefikaje upesi hivyo kutoka bara. Umeona nilivyokuwa? Shemeji yangu anafukiwa, nami nafanya hesabu za saa za basi.

Siwezi kuja Kibokoni, dada. Mtaa mzima unanijua kwa jina alilonipa Faiz. Nikipita pale barazani, watasimama wanipe mkono, waniite Mkuu, nami nitawajibu nini? Afadhali wabaki na yule wa Faiz. Yule alikuwa mtu mzuri kuliko huyu.

Usiniandikie kupitia Wendy tena. Naye ana bosi mpya, nisije nikammwagia unga.

Kenga


Kizingo, langoni kwa Morris
29 Mei 2025

Ndugu yangu Kenga,

Salamu zako zipo, lakini leo nazitanguliza kwa soja wa lango, Bramwel, aliyeniazima kiti chake na kalamu. Mimi na Nabiha tumekuja na tuktuk. Tumbo lake limekuwa kubwa hata dereva aliogopa matuta. Nilipomuuliza Bramwel habari za Profesa, alisema humu hamna profesa. Alisema kuna mzee mpole tu wa kumwagilia maua. Amekwenda kukuita akarudi akasema umelala. Juu pale pazia limetikisika na upepo hapana.

Jana nilitoka eda. Waliniosha, wakanivisha leso mpya ya kisutu, tukakaa. Adhuhuri ikapita. Mwanarusi akasema tungoje. Alasiri ikapita. Watu walikuwa barazani, kahawa imeletwa mara ya pili, binamu za Faiz wanatazamana nani ainuke. Hapo Mwanarusi akasimama na miguu yake ile, akanishika mkono akasema, "Mwanamume wa damu yake hakuja. Mimi ndimi niliyemzaa mumewe, nt'amvusha mimi." Akanivusha. Nililia, Kenga, na sikulia kwa sababu ya Faiz. Nimekukasirikia jana kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote, na hasira ingaliko hapa nilipokaa.

Sasa nitakwambia nililolificha. Nililificha kwa sababu niliahidi, na baadaye kwa sababu niliogopa litakuvunja. Leo naona lisiposemwa ndilo litakalokuvunja.

Faiz alijua. Mwanzoni mwa Desemba aliitwa kutengeneza stima nyumba iliyo mkabala na hii, akiwa juu ya ngazi akakuona ndani ya ua na mpira wa maji. Alirudi nyumbani hakugusa chai. Akaniambia, "Nimemuona Kenga kwa mato yangu. Yuko Kizingo, anamwagilia maua ya watu." Mimi nilishika buibui nije mbio. Akanizuia. Akasema mtu aliyejificha ukimfukuzia utamfukuza mbali zaidi, atatoka mwenyewe, na akitoka asikute tumeshamjadili. Akaniapisha nisiseme. Jioni ile ile alikaa barazani akawasimulia watu habari za mkuu wa chuo kama kawaida, sauti juu. Nikamuuliza ndani, "Mbona wadanganya?" Akasema anakushikia mahali pako.

Tangu hapo, kila Ijumaa akitoka msikitini alipanda pikipiki akaja hapa. Husimama ng'ambo ya barabara, pale penye kivuli, akangoja labda utamwona ukamwita. Hakutaka kugonga. Alitaka umwite wewe. Ijumaa ya mwisho kifua kilikuwa kikimuuma, nilimkataza, akaja. Jumatatu akafa.

Hivyo yule uliyekuwa ukimkimbia alikuwa amesimama langoni kwako anakungoja. Hakuwahi kukuona mdogo. Usiku alikuwa akiniuliza, "Kule ndani, nani anampikia?"

Nimeona mikebe yako chini ya ukuta. Bramwel asema ulianza na miwili. Eda yangu Mungu ameiwekea mwisho wake, na jana ulifika. Hii yako umejiwekea mwenyewe, na siku hukuzitaja. Mimi sijui kumtoa mtu eda ya namna hiyo. Nimekuja mpaka langoni, zaidi ya hapo sina nguvu, Nabiha amechoka.

Asumini haijahamishwa. Majani yamebaki machache.

Dadako,
Mejumaa


Kizingo, Mombasa
29 Mei 2025, jioni

Dada Mejumaa,

Salamu kwako, kwa Nabiha na mzigo wake, na kwa Bi Mwanarusi, ambaye sijui nitamtazamaje.

Anwani iliyo juu ndiyo ya kweli. Pazia ni mimi. Nilikuona ukikaa kwenye kiti cha Bramwel, nikaona umekonda, nikakuona ukiandika huku Nabiha amekushikia mwavuli, na sikushuka. Tuktuk ilipoondoka nilishuka hadi langoni. Nilikuwa nimechelewa, kama ilivyo desturi yangu. Bramwel akanipa barua yako, nikaisoma nimesimama hapo hapo.

Kesho ni Ijumaa. Nitakuja baada ya sala, watu wakiwa barazani, kweupe, kwa miguu, na jembe dogo na mfuko wa mbolea. Wakiniita Mkuu nitawaambia mimi si mkuu tena, halafu nitaingia uani nihamishe asumini ya Faiz. Haijafa. Ikitoa maua bado, mizizi ipo. Ukinifungia mlango nitakaa barazani mpaka ufungue. Siombi unisamehe kesho.

Lakini kuna jambo lazima nikwambie leo, kwa sababu sitaweza kulisema mbele yako.

Nilimwona, dada. Desemba yote na Januari, Ijumaa, kulikuwa na mtu juu ya pikipiki ng'ambo ya barabara, kofia ngumu imemfunika uso, na mimi bustanini huvua miwani kwa sababu ya jasho. Nilimwona kila mara. Nilidhani ni bodaboda anayetafuta abiria, kwa kuwa mtaa huu watu wana magari, nikamhurumia kwa kukosa kazi. Nikawa hata namtarajia. Ile Ijumaa ya mwisho alikaa sana, kisha akainua mkono akanipungia. Nami nikamtikisia kichwa kukataa, nikageuka kurudi kwenye mikebe yangu. Nilidhani ananiuliza kama nataka kubebwa.

Nduguyo,
Kenga